Wanaorudia Mtihani wa GRE Wabadili Mwendo

Miongoni mwa vijana wetu waliokwisha kupata shahada ya kwanza, wapo ambao kila mwaka hujitosa katika safari ya kuomba nafasi za shahada ya uzamili na uzamivu katika vyuo vikuu vya Marekani. Wengi wao, kabla hawajafika popote, hukutana na mtihani uitwao GRE. Katika sehemu ya hesabu hujitahidi, na wahandisi na wanauchumi wetu aghalabu hutoka na alama za kujivunia. Lakini sehemu ya lugha huwarudisha nyuma. Hapo kijana hujikusanya, hulipa ada mara ya pili, hukaa tena mbele ya kompyuta, na matokeo hurudi yaleyale, au yakipanda hupanda kwa alama moja.

Jambo hili si dogo. Ada ya mtihani huu yapita dola mia mbili za Kimarekani kwa kila safari. Kwa mwalimu kijana au karani wa serikali, hiyo ni sehemu kubwa ya mshahara wa mwezi mzima, na mara nyingi ni fedha iliyochangwa na mjomba, shangazi na dada wa kazini. Twaona basi kwamba ni haki kuuliza kwa nini wanaorudia hawapandi, na wafanye nini ili ada ya pili isiende bure.

Kwanza tuujue mtihani wenyewe. Ulizaliwa mwaka 1936 kwa juhudi za Taasisi ya Carnegie pamoja na vyuo vikuu vinne vya mashariki ya Marekani, yaani Harvard, Yale, Princeton na Columbia. Mwaka 1948 ulikabidhiwa kwa shirika la ETS, lililoundwa mwaka mmoja kabla, nalo ndilo linalousimamia hata leo. Umebadilishwa mara nyingi. Badiliko lililo kubwa kwa habari ya lugha lilifanywa Agosti 2011, yalipoondolewa maswali ya kutafuta kinyume cha neno na yale ya kulinganisha jozi za maneno. Tangu hapo alama za lugha hutolewa kuanzia 130 hadi 170, badala ya 200 hadi 800 za zamani. Kisha Septemba 2023 mtihani ulifupishwa hata ukawa wa muda usiotimia saa mbili. Siku hizi mtahiniwa huandika insha moja kwa dakika 30, hufanya mafungu mawili ya hesabu na mafungu mawili ya lugha. Fungu moja la lugha lina maswali 12 kwa dakika 18, na lile la pili lina maswali 15 kwa dakika 23.

Tumeyataja haya makusudi, kwa kuwa tatizo la wengi huanzia hapa. Vijana hupokezana vitabu. Kitabu alichokitumia kaka mwaka 2009 humfikia mdogo wake leo, na mdogo mtu hukesha akikariri orodha ya maneno elfu tatu na vinyume vyake, kwa ajili ya maswali ambayo hayaulizwi tena. Katika mtihani wa zamani orodha ilikuwa na faida ya moja kwa moja, maana neno lilisimama peke yake, na aliyelijua alijibu. Katika mtihani wa sasa hakuna neno linalosimama peke yake. Kila neno limo ndani ya sentensi, na sentensi ndiyo inayotahiniwa.

Kabla hatujaendelea, twapenda kumshauri kijana afanye jambo moja lisilogharimu kitu, nalo ni kuuliza. Tangu mwaka 2020 idara nyingi za vyuo vikuu vya Marekani zimeacha kuudai mtihani huu, na nyingine zimeufanya kuwa wa hiari. Zipo zinazoudai bado, na kati ya hizo zipo zisizojali sana alama za lugha, hasa za uhandisi na hisabati. Anayeomba idara isiyoutaka mtihani hana sababu ya kuurudia. Pesa hiyo aitumie kwa jambo jingine.

Vilevile hapana budi azielewe alama zake. Hakuna kipimo cha namna hii kisicho na mtikisiko. Mtu yuleyule, bila kujifunza wala kusahau kitu, aweza kupata 151 mwezi huu na 153 mwezi ujao, kwa bahati ya maswali tu. Anayeshangilia alama mbili za ziada, au kuzilia zilizopungua, hajajua anachokipima. Kwa upande mwingine, alama za lugha zina thamani yake ya pekee. Alama 160 za hesabu siku hizi haziko mbali sana na katikati ya watahiniwa wote, lakini 160 za lugha humweka mtu mbele ya watu zaidi ya wanane katika kila kumi. Kwa hiyo atokaye 150 akafika 156 amewapita wenzake wengi sana, ingawa mwenyewe huona amepanda ngazi sita tu.

Sasa tuingie katika kiini. Maswali ya sehemu ya lugha ni ya namna tatu, na mwenye kurudia hana budi kujua ni namna ipi iliyomwangusha.

Namna ya kwanza ni ya kujaza mapengo. Pengo likiwa moja, huwekwa maneno matano ya kuchagua. Yakiwa mawili au matatu, kila pengo lina maneno yake matatu, na mtahiniwa asipoyapata yote hapewi hata nusu ya alama. Tuchukue mfano kwa Kiswahili, tuone kazi ilivyo: "Ingawa majirani walimsifu mzee huyo kwa pengo wake, madaftari yaliyokutwa baada ya kifo chake yaonyesha kwamba hakumpa mtu yeyote hata senti moja." Tuseme maneno ya kuchagua ni ukarimu, ubahili, ucheshi, ushujaa na uchamungu. Msomaji mwenye haraka huona "hata senti moja" akaikimbilia "ubahili". Msomaji msomi sana huwaza kwamba wachamungu hutoa sadaka, akauchagua uchamungu. Wote wawili wamekosa. Neno "ingawa" limekwisha kutuambia kwamba nusu ya kwanza yapingana na ya pili, na nusu ya pili haisemi lolote ila habari ya kutotoa. Jibu ni ukarimu, wala halihitaji elimu nyingine nje ya sentensi. Tukiiondoa "ingawa", tukaandika "Si ajabu kwamba majirani walimlaumu", mara moja jibu hugeuka kuwa ubahili.

Hapana mwana wa Kiswahili asiyeweza kulifumbua fumbo hili. Basi kwa nini likija kwa Kiingereza humshinda? Wengi hujibu kwamba ni maneno magumu. Sisi hatukubali kwamba hiyo ndiyo sababu kubwa. Mara nyingi kinachomponza ni maneno madogo. Kijana aliyesoma fani yake kwa Kiingereza chuoni miaka mitatu au minne amezoea vitabu vya kueleza vitu: huu ni mzunguko wa damu, hii ni kanuni ya mahitaji na ugavi. Hajazoea maandishi ya kubishana, ambamo mwandishi hukubali nusu, hukanusha robo, kisha akageuka katikati ya sentensi. Usemi kama "anything but simple" humpotosha akadhani jambo ni rahisi, kumbe mwandishi asema si rahisi hata kidogo. Neno "hardly" hulichanganya na "hard". Nukta pacha huipita kama nzi, ilhali katika sentensi za mtihani huu alama hiyo aghalabu hutangaza kwamba kinachofuata ndicho kinachoeleza kilichotangulia, na jibu la pengo limekaa hapo waziwazi.

Kwa sababu hiyo twamshauri anayejiandaa afunike majibu kwa kiganja, aisome sentensi, atafute kigeugeu chake, kisha alitie pengoni neno lake mwenyewe, hata kama ni la Kiswahili. Ndipo afunue na kutafuta linalofanana nalo. Anayeanza kwa kuyatazama majibu amekwisha kukubali kuongozwa na mtunga mtihani, na mtunga mtihani hulipwa ili ampoteze.

Namna ya pili ni sentensi yenye pengo moja na maneno sita, nayo hutaka mtahiniwa achague mawili yatakayoipa sentensi maana moja. Hapa mitego ni miwili. Huwekwa maneno mawili yanayofanana sana kama pacha, lakini sentensi haiyataki. Na huwekwa neno moja linaloingia vizuri katika pengo, lakini halina mwenzake. Tusiongeze mengi, kwa maana dawa ni ileile ya kuisoma sentensi kwanza.

Lakini hatusemi maneno hayana umuhimu. Tutakuwa waongo. Asiyejua neno hawezi kulichagua kwa busara, na anayerudia mtihani anapaswa kuongeza msamiati wake. Tunachopinga ni namna ya kuuongeza. Orodha ya maneno yenye tafsiri ya neno kwa neno humpa mtu maana ya kwanza, na mtihani huu hupenda maana ya pili. Kila mtu ajua kwamba "qualify" ni kufuzu. Katika maandishi ya hoja ni kuipunguza kauli ukali wake, kuiwekea mpaka. "Betray" ni kusaliti, lakini pia ni kudhihirisha bila kukusudia. "Want" ni kutaka, na pia ni upungufu. "Check" ni kuangalia, na pia ni kuzuia. "Sanction" ndiyo kioja kikubwa kuliko vyote, maana huweza kuwa kuidhinisha na huweza kuwa kuadhibu, na ni sentensi tu itakayoamua. Tena kuna tofauti za Uingereza na Marekani. Katika mabunge yetu, yaliyofuata mila ya Waingereza, jambo likiwekwa mezani limewasilishwa ili lijadiliwe. Kwa Wamarekani, "to table" ni kuliahirisha lisijadiliwe. Mtahiniwa wa Nairobi au Dodoma asiyejua hilo ataielewa habari nzima kinyumenyume, na hatajua kwamba amekosea.

Njia iliyo bora ni kuyajifunza maneno kwa jamaa zake. Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna mazoea ya jambo hili bila kujijua. Ajuaye kitabu, katibu na maktaba huhisi kwamba maneno hayo yana baba mmoja, na ajuaye hukumu, hakimu na mahakama vivyo hivyo. Asili yake ni mizizi ya Kiarabu. Kiingereza cha wasomi nacho kimejengwa juu ya mizizi ya Kilatini na Kiyunani. Mzizi mmoja wa kusema, "loqu", humpa mtu "loquacious", "eloquent" na "colloquial". Mwenye mizizi hamsini ya namna hiyo atakutana na neno asilopata kuliona, na bado atajua limeelekea upande gani. Tahadhari ni kwamba mizizi nayo hudanganya. "Enervate" hufanana na nguvu, kumbe ni kudhoofisha; "noisome" hufanana na kelele, kumbe ni kunuka vibaya. Kwa hiyo kila neno liandikwe katika kikadi pamoja na sentensi lilikokutwa, si pamoja na tafsiri peke yake, na vikadi vipitiwe baada ya siku moja, kisha tatu, kisha wiki. Maneno kumi kwa siku yaliyokaa kichwani ni bora kuliko mia yaliyopita njia.

Namna ya tatu ni ufahamu, nao peke yake huchukua karibu nusu ya maswali yote ya lugha. Ajabu ni kwamba wanaorudia huutumia ufahamu muda mdogo kuliko namna nyingine yoyote, kwa kuudhania kuwa ni jambo la kipaji. Habari nyingi ni za aya moja tu, zimetolewa katika fani yoyote: maisha ya wadudu, nyota, historia ya wafanyakazi, uchoraji, biashara. Hakuna anayetazamiwa kuzijua fani zote hizo. Kinyume chake, ujuzi wa fani huweza kuwa mtego. Daktari akisoma habari ya ugonjwa huchagua jibu analolijua kuwa kweli hospitalini, hali aya haikulisema. Mtahini haulizi lililo kweli duniani, bali lililoandikwa na linalolazimika kutokana na lililoandikwa.

Jibu la uongo lina desturi zake, na mwenye kuzichunguza huzizoea kama mvuvi azoeavyo miamba. Aghalabu huwa limezidisha: mwandishi alisema "baadhi", jibu lasema "wote", alisema "huenda", jibu lasema "bila shaka". Au nusu yake ni sahihi na nusu si sahihi. Au limeyanukuu maneno ya aya yenyewe kwa uaminifu mkubwa, likayaunganisha kwa namna ambayo mwandishi hakuyaunganisha. Hilo la mwisho ndilo lililowapata wengi tuwajuao, kwa kuwa macho yakiona maneno yaliyozoeleka moyo hutulia. Zaidi ya hayo kuna maswali yenye majibu matatu, ambayo huenda moja likawa sahihi, au mawili, au yote. Hapo kila jibu lihukumiwe peke yake kana kwamba mengine hayapo.

Mazoezi ya ufahamu tunayoyapendekeza yataonekana ya ajabu kwa baadhi ya walimu. Kijana asome kila siku makala moja ya Kiingereza ya kubishana, nje ya fani yake, na baada ya kila aya aifunge na kusema kwa Kiswahili, kwa sentensi mbili tu, mwandishi anadai nini na anamjibu nani. Wapo wanaokataza jambo hili wakisema kwamba anayetaka Kiingereza afikiri kwa Kiingereza. Katika chumba cha mtihani ni kweli, hakuna nafasi ya kutafsiri. Lakini nyumbani Kiswahili ni kipimo kisichodanganya. Anayerudia aya kwa Kiingereza huweza kuyarudia maneno ya mwandishi kama kasuku na akajiona ameelewa. Akitakiwa aiseme kwa lugha ya mama yake, ama ameielewa ama hakuielewa. Hapana mahali pa kujificha.

Sasa tuje kwenye daftari, ambalo kwa maoni yetu ndilo linalotenganisha anayerudia kwa faida na anayerudia kwa mazoea. Wengi hufanya mitihani mingi ya majaribio, huhesabu walizopata, huhuzunika, kisha hufanya mwingine. Shirika lenyewe hutoa mitihani miwili ya majaribio bila malipo kwa njia ya kompyuta, na lina vitabu vya maswali yake halisi. Maswali hayo ni machache, kwa hiyo ni mali, na si busara kuyamaliza kwa wiki moja kama mtu alaye karanga. Kila swali lililokosewa liandikwe daftarini pamoja na sababu ya kukosewa. Je, neno halikujulikana? Je, sentensi ilisomwa vibaya? Je, yalibaki majibu mawili, likachaguliwa lisilo? Au dakika zilikwisha? Baada ya maswali sitini au sabini mtu hujiona kama katika kioo. Aliyejidhania mnyonge wa maneno huenda akagundua kwamba nusu ya makosa yake ni ya kuchagua kati ya mawili, na dawa ya hilo si vikadi. Hata maswali aliyoyapata kwa kubahatisha yaandikwe, kwani siku nyingine bahati haitakuwapo.

Kuhusu dakika, hesabu ni nyepesi. Kila swali lina dakika moja na nusu hivi. Sentensi ya pengo moja haistahili dakika nzima, na akiba hiyo ipelekwe kwenye ufahamu. Ndani ya fungu moja mtahiniwa aruhusiwa kuruka swali na kulirudia, na jibu la kosa halimpunguzii kitu. Kwa hiyo kuacha swali wazi ni kutupa haki yake. Pia ajue kwamba ugumu wa fungu la pili hutegemea alivyofanya katika la kwanza, na anayekwenda kwa uzembe mwanzoni hupewa fungu jepesi lisiloweza kumfikisha juu.

Jambo jingine lihusulo kurudia ni kwamba mtahiniwa ana hiari ya kuchagua matokeo ya siku ipi yapelekwe chuoni, katika yale ya miaka mitano iliyopita. Hilo laondoa hofu ya kuharibikiwa. Lakini hawezi kuchukua lugha ya siku moja na hesabu ya siku nyingine. Matokeo ya siku huenda kwa ujumla wake. Tumewasikia vijana waliopanda katika lugha wakaporomoka katika hesabu kwa kuwa hawakuigusa kwa miezi mitatu. Anayerudia kwa ajili ya lugha atenge angalau siku moja ya wiki kwa hesabu.

Mtihani waweza kufanyiwa kituoni, au nyumbani kwa msimamizi anayemtazama mtahiniwa kupitia kamera. Katika mitaa yetu, ambako umeme hukatika bila kubisha hodi na majirani huanza sherehe asubuhi, twaona kituo ni salama zaidi kwa anayeweza kukifikia.

Sheria yataka zipite siku 21 kati ya mtihani na mtihani, na usizidi mara tano katika miezi kumi na miwili. Wengi huzichukua siku hizo 21 kana kwamba ni agizo, wakajiandikisha siku ya 22. Kwa sehemu ya lugha muda huo hautoshi kwa lolote ila kwa mwenye homa siku ya kwanza. Usomaji tulioueleza hauanzi kuzaa kabla ya wiki nane au kumi. Matokeo rasmi nayo huchukua siku nane hadi kumi, na vyuo vingi hufunga maombi ya mwaka unaofuata katika Desemba na Januari. Mwenye tarehe ya mwisho ya Desemba 15 basi ahesabu kurudi nyuma: matokeo yatoke mwishoni mwa Novemba ili abaki na nafasi ya kuyatuma, mtihani ufanywe katikati ya Novemba, na daftari lifunguliwe si baada ya wiki ya kwanza ya Septemba.